Daftari la Kunjumon

Soko la Matrah walipolifunga
nilikuwa nimebakisha ua moja la pembeni
kwenye kofia ya kumi na nne.
Nikalimalizia. Ungefanyaje? Sindano haijui tangazo.

Dalali Mbaruk, aliyezoea kunipigia kabla ya adhuhuri,
"Bi Thuwaiba, vipi, tayari?",
simu yake sasa hulia mpaka ikachoka.
Kofia ya miezi miwili, vitobo elfu na ushei,
kila kimoja nimekizungushia uzi kwa macho haya:
kichwa gani kitaivaa, na harusi zimekatazwa,
na Idi tutaiswali sebuleni?

Nilijaribu kwenda Sibu, kwa mteja wa zamani.
Kizuizini askari kijana, mpole ndani ya barakoa:
"Rudi mama, huku hakupitiki."
Nikarudi Hamriya na mfuko wangu.
Teksi ya mwanangu Khalfan iko palepale chini ya ngazi,
watoto wameandika majina yao kwenye vumbi la kioo,
wamefuta, wameandika tena.

Walitwambia: naweni mikono, hesabuni ishirini.
Ghorofa ya chini kina Rafiqul, waosha magari,
wanane, bomba moja,
na boza la maji halijaonekana tangu Jumanne.
Walitwambia: baina ya mtu na mtu mita mbili.
Rafiqul akapima chumba kwa hatua, akacheka:
"Mama, hapa mita mbili ni watu watatu."

Ramadhani mikeka ya futari haikutandikwa msikitini,
ile iliyokuwa ikiwalisha mwezi mzima
ili mshahara uende kwao haujamegwa.
Mwaka huu hata wa kumegwa haukuwapo.
Nikawashushia uji kwa kamba, dirishani,
ndoo ikapanda tupu, imeoshwa,
na siku moja ndani yake ndimu.

Usinisifu. Uji wenyewe ulikuwa wa mkopo.

Mchele kilo tano. Mafuta. Vocha ya simu. Uzi mweupe.
Kunjumon wa duka la kona aliandika yote
kwa herufi za kwao, Kerala, za mviringo,
utadhani naye anashona vitobo.
Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Mwenye njaa je, humjua mwenziwe?
Sisi tulijuana kwa kurasa.

Juni akapanda ngazi, akasimama mbali na mlango.
Amepata nafasi kwenye ndege ya kurudishwa kwao.
Akafungua daftari, akalisukuma sakafuni kwa mguu.
Herufi sizijui; tarakimu nazijua.
Mimi riali thelathini na saba na nusu.
Kina Rafiqul mia na nne.
Mjane wa ghorofa ya tatu, mwalimu wa Kurani, fundi wa friji.
Na nyuma kabisa ukurasa uliojaa hadi pambizoni,
umepinda, umebandikwa karatasi ya ziada.
"Na huyu nani, masikini?"
"Huyu," akasema, "ni mimi."
Kwa muuza jumla. Kwa mwenye fremu. Kwa arbabu wake.

Nikamletea ile ya kumi na nne.
Akainyanyua kwenye dirisha la ngazi,
jua likapenya vitobo likamtapakaa usoni
kama tetekuwanga.
Akaivaa, yeye ambaye hata msikitini haingii.
Ikamkaa. Akaniuliza bei, bei ya sokoni, ya kabla.
Thelathini, nikasema.

Hakunifutia deni.
Alitoa rula mfukoni — rula! mtu anasafiri alfajiri —
akapiga mstari chini ya jina langu,
akaandika salio: saba na nusu.

Duka sasa lina kufuli, na kufuli lina kutu.
Khalfan ameosha kioo cha teksi mara mbili, hajaita abiria.
Niko kwenye kofia ya kumi na tisa.
Saba na nusu ninazo, nimezifunga kwenye ncha ya leso.
Sijui nizipeleke wapi.